Hivi wazo ndilo linazaa hisia, au hisia inakuja kwanza halafu akili inatafuta kisingizio?

#1 Chozi la Mamba (mleta mada)

Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja.

Kila ukigusa habari za saikolojia siku hizi unakutana na mnyororo uleule: linatokea jambo, unaliwaza, wazo linazaa hisia, hisia inakusukuma kutenda. Badili wazo, mengine yatafuata. Kwenye karatasi inapendeza.

Sasa kisa changu. Juzi nilimtumia rafiki yangu ujumbe mrefu, wa maana, niliofuta na kuandika upya mara kadhaa. Tiki mbili zikageuka bluu. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Akatoka hewani. Papo hapo kifua kikabana na masikio yakapata moto, na naapa sikuwa nimewaza kitu. Hakuna sentensi iliyopita kichwani. Mawazo yalikuja baadaye, tena kwa foleni: ananidharau, nimejieleza kupita kiasi, sasa hivi anamsomea mtu mwingine wanacheka. Kesho yake akajibu kwa maneno mengi na pole nyingi. Mimi nikamrudishia "Sawa." Na nukta juu yake.

Wazo lilikuwepo ila sikuliona? Au hisia ilitangulia, na yale mawazo yakaja kama mawakili wa kuitetea? Nawasilisha.

#2 Kichwangumu

Jibu fupi: wewe ni mtu wa kununa. Uzi ufungwe.

#3 Bintikarani

@Kichwangumu hujaacha tu.

Mleta mada, ulichoeleza kinafanana na alichokutana nacho Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960. Alikuwa anatumia njia ya akina Freud, mwanzilishi wa tiba ya mazungumzo, mgonjwa anasema lolote linalomjia. Akagundua kwamba chini ya yanayosemwa kuna mkondo wa pili unaopita harakaharaka, mgonjwa anajihukumu mwenyewe au anawaza daktari anamwonaje, na hausemi kwa sababu ameuzoea mno. Akaziita fikra za kujiendesha. Hizi haziji kama hoja. Zinakuja nusu neno, zinapita, na unaziamini bila kuzihoji. Ndiyo maana mtu anabaki na hisia tu, hajui imetoka wapi.

Kwa hiyo usitafute sentensi. Irudie ile sekunde alipotoka hewani, kisha jiulize: kutoka kwake kulisema nini kuhusu mimi? Wengi wakikaa nalo hilo swali hukuta picha, si maneno.

#4 Ngonjera

Beck ni mtoto wa juzi. Karibu miaka elfu mbili iliyopita yule mtumwa wa Roma, Marcus Aurelius, alishasema watu hawasumbuliwi na mambo bali na hukumu zao juu ya mambo hayo.

#5 Mzee Kifimbo

@Ngonjera umeingia chaka. Marcus Aurelius alikuwa kaisari. Mtumwa alikuwa Epictetus, akaachwa huru, na kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma akaenda kufundisha Nicopolis, Ugiriki. Kaisari ndiye aliyekuja kusoma mafundisho ya mtumwa. Usitubadilishie vyeo.

Ila na mimi nachochea moto. Mwaka 1884 William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alisema tumelishika jambo kinyume. Sisi husema: namwona dubu, naogopa, nakimbia. Yeye akasema hapana, unamwona dubu, mwili unashtuka na kukimbia, na kule kuuhisi mwili ukibadilika ndiko woga wenyewe. Mwaka uliofuata Carl Lange wa Denmark akaja na hoja inayokaribiana na hiyo. Kwa hiyo Chozi la Mamba, masikio yalipata moto kwanza, na wewe ukafuata. Sioni ajabu.

Nikinywa kahawa kali tumbo tupu, baada ya muda napata wasiwasi, na wasiwasi huo haukosi cha kushika. Leo deni, kesho afya, keshokutwa jirani amenipita bila salamu. Kikombe ni kilekile, mashtaka ndiyo yanabadilika.

#6 Kichwangumu

Mzee punguza kahawa, jirani hana kosa.

#7 Nesi wa Zamu

Nimetoka zamu sasa hivi, nasoma kwa jicho moja, lakini hapa lazima niseme.

Anakuja mtu usiku, mara nyingi kijana, ameshika kifua, jasho linamtoka, anasema anakufa. Tunampima. Kipimo cha umeme wa moyo hakina shida, damu haina shida, presha imepanda kidogo. Ukikaa naye ukamuuliza taratibu ilianzaje, unakuta ilianza na kitu kidogo sana. Alisimama ghafla, au alipanda ngazi, moyo ukaruka pigo moja. Akalitafsiri lile pigo: moyo unasimama. Hapo adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kwa hatari, ikamwagika, moyo ukazidi mbio, na zile mbio akazichukua kuwa uthibitisho. Akaanza kuhema juujuu. Ukihema hivyo kabonidioksidi inapungua kwenye damu, vidole na midomo vinaingia ganzi. Na ganzi nayo akaisoma kuwa dalili ya kifo. Mwingereza David Clark aliueleza mzunguko huu mwaka 1986, na mimi nauona zamu kwa zamu. Sasa niambieni hapo kilichotangulia ni wazo au mwili. Mwili ulirusha jiwe la kwanza, wazo likarudisha kubwa zaidi.

Lakini mnasahau tabia, na kwangu ndiyo kubwa. Kesho yake mtu huyu hapandi ngazi. Akisimama anashika ukuta. Hatoki peke yake. Na kila siku ikipita salama anaamini ukuta ndio umemwokoa. Hapati kabisa nafasi ya kuona kwamba asingeanguka. Wazo linaendelea kuishi kwa sababu tabia inalilisha.

Angalizo: msijitibu kwa kusoma uzi. Moyo kwenda mbio unaweza kuletwa na upungufu wa damu, tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, au moyo wenyewe. Kapimweni kwanza, falsafa baadaye.

#8 Mama Pacha

Nesi, ubarikiwe. Huo ukuta mimi niliushika miaka. Wangu ulikuwa lifti. Nilikuwa napanda ngazi mpaka ghorofa ya tisa, nafika nahema, nawaambia wenzangu ni mazoezi. Hakuna aliyejua. Na kila nikifika juu nasema moyoni, afadhali sikupanda ile kitu. Mlango wa lifti ukifunguka tu, hata kama siingii, mgongo unaloa jasho.

Kilichonitoa si kuambiwa lifti ni salama. Hilo nilikuwa nalijua, na ningeweza kukueleza breki zake zinavyofanya kazi. Nilitolewa na dada mmoja aliyesimama nami ndani, mlango wazi, halafu ghorofa moja, halafu mbili, bila kunishika mkono. Mwili ulielewa mwisho kabisa.

#9 Kichwangumu

Mazoezi lakini ulipata, usilalamike.

#10 Sautiyapili

Kuna jibu la tatu ambalo hamjaligusa. Walter Cannon alimpinga James mwaka 1927: mwili ukiwa na hasira na ukiwa na woga unafanya mambo yanayofanana mno, sasa utajuaje hii ni hasira na huu ni woga? Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer wakajaribu kuvuka hapo. Waliwadunga watu adrenalini. Baadhi waliambiwa ukweli kwamba moyo utakwenda mbio na mikono itatetemeka. Wengine hawakuambiwa. Kisha kila mmoja akawekwa chumbani na mtu aliyepangwa, ama anacheza na kufurahi, ama anakasirikia fomu wanazojaza. Ambao hawakujua mwili umewashwa na nini ndio walioelekea zaidi kuichukua hisia ya yule mwenzao.

Yaani mwili unaleta joto, akili inalipa jina kwa kutazama mazingira. Kwa mleta mada: joto lilikuwa lako, ila jina "dharau" ulilipata kwenye skrini.

Ndiyo maana 1974 Dutton na Aron walienda kwenye daraja la Capilano, Kanada, lile la nyaya linaloning'inia juu ya korongo. Wanaume waliokutana na mtafiti wa kike pale juu walimpigia simu baadaye kwa wingi kuliko waliokutana naye kwenye daraja la chini lililo imara.

#11 Kichwangumu

Naomba ramani ya hilo daraja. Ni kwa ajili ya utafiti.

#12 Ngonjera

Kwa kuwa leo ni siku ya kusahihishana: @Sautiyapili majaribio ya 1962 yanasimuliwa kwa uhakika kuliko matokeo yake yenyewe yalivyokuwa. Mwaka 1979 Marshall na Zimbardo walirudia sehemu ya furaha, haikutokea walivyotarajia. Mwaka huohuo Maslach naye akakuta mwili ukiwaka bila sababu inayojulikana, mtu huelekea kwenye hisia mbaya hata mwenzake akiwa anafurahi. Kwa hiyo jina si la kuokota popote. Kama hujui kwa nini moyo unadunda, akili inavuta upande wa hatari.

@Mzee Kifimbo umeona nasoma pia?

#13 Mzee Kifimbo

Nimeona. Kaisari anakusalimia.

#14 Mshindi Daima

Wakuu mnazunguka sana. Jambo hili ni jepesi. Kila asubuhi simama mbele ya kioo, jitazame machoni, sema kwa sauti: "Mimi ni mshindi, napendwa, leo ni siku yangu." Hisia inafuata, matendo yanafuata. Wazo baya likija, lifukuze. Usilipe kiti.

#15 Bintikarani

@Mshindi Daima hapo nakupinga kwa heshima.

La kioo: mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake Kanada waliwapa watu kazi ya kujirudia kwamba wanapendeka. Waliokuwa wanajithamini tayari walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wanajidharau, yaani haohao unaotaka kuwasaidia, walijisikia vibaya zaidi. Ukimwambia mtu kitu asichokiamini, ndani kunaamka kinachobisha, na chenyewe kina mifano mingi.

La kufukuza: 1987 Daniel Wegner aliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na kila wakimuwaza wagonge kengele. Kengele zililia. Baadaye waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza kuliko wale ambao hawakuwa wamekatazwa.

#16 Kichwangumu

Namuona.

#17 Mama Pacha

Mimi pia. Amekaa ndani ya lifti.

#18 Ngonjera

Huyu ndiye yule wa William James, amezeeka tu, akapata mvi.

#19 Mtumwa wa Usingizi

Samahani nitaharibu utani kidogo.

Nina sonona, nimeishi nayo muda mrefu. Kuambiwa "badili mawazo" ukiwa chini kabisa ni kama matusi, hata anayesema akiwa anakupenda. Mawazo yangu siku mbaya hayaji kama hukumu ya kupima ushahidi. Ni uzito. Nikiulizwa unawaza nini nasema siwazi kitu, na ndiyo kweli. Naangalia ukuta. Naona jua limefika kwenye kona ya meza, naona limeondoka.

Mshauri wangu hakuanza na mawazo hata kidogo. Alianza na mswaki. Piga mswaki, halafu fungua dirisha, halafu toka nje dakika chache, usisubiri hamu. Mimi nilikuwa nangoja hamu ije ndipo nitende. Yeye akasema kwenye ugonjwa huu hamu huja nyuma ya kitendo, ikija. Siku nyingine haikuja, tukaandika tu kwamba nimetoka.

Baadaye nikasoma kwamba 1996 Neil Jacobson na wenzake Marekani waliigawa tiba ya Beck vipande. Kundi moja likapewa shughuli tu, bila kazi ya kusahihisha fikra. Likapata nafuu sawa na lililopewa tiba nzima. Kwa hiyo mnyororo wa mleta mada mimi nauanzia mkiani: tenda, halafu utahisi, halafu utawaza. Dawa pia zipo na ninazitumia. Sioni aibu.

#20 Nesi wa Zamu

@Mtumwa wa Usingizi asante kwa kuandika. La mswaki naondoka nalo.

#21 Mshindi Daima

Mnanikatisha tamaa lakini siondoki. Mnasemaje kuhusu jaribio la Alia Crum, 2011? Watu walipewa kinywaji cha maziwa chenye kalori 380. Siku moja kibandiko kilisema ni kizito, kalori 620, siku nyingine kikasema ni chepesi, kalori 140. Kinywaji kilekile kimoja! Waliodhani wamekunywa kizito, ghrelini, homoni ya njaa, ilishuka kwa kasi zaidi. Si kuhisi tu, damu yenyewe ilibadilika. Sasa wazo lina nguvu au halina?

#22 Mzee Kifimbo

Hapo umeleta kitu. Lakini angalia, wale hawakujisemesha mbele ya kioo. Walidanganywa na kibandiko na wakaamini. Wewe unataka mtu ajibandike mwenyewe huku anajua kilichomo ndani ya chupa.

#23 Mama Pacha

Kuna njia ya katikati, ya kusema kitu ambacho mwili hautabisha. Binti yangu kabla ya mitihani alikuwa anatetemeka. Nilikuwa namwambia tulia, tulia, na yeye anazidi, maana sasa ana mambo mawili: mtihani na kushindwa kutulia. Siku moja nikaacha. Nikamwambia huo moyo unaokwenda mbio ni mwili umeshaamka, umekuja kukusaidia kazi. Hakutulia. Aliingia akitetemeka, ila aliingia akitabasamu.

#24 Sautiyapili

@Mama Pacha hilo limefanyiwa utafiti. Alison Wood Brooks, 2014: kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu, waliojiambia "nimechangamka" walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Mbio za moyo hazikuondoka. Zilibadilishiwa jina tu.

#25 Pweza Mtulivu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nadhani mnabishana kwa sababu neno "wazo" limebeba mizigo miwili. Ubishi huu wanasaikolojia Robert Zajonc na Richard Lazarus waliufanya kwenye majarida miaka ya 1980. Zajonc anasema unaweza kupenda au kuchukia kitu kabla hujakitambua. Lazarus anasema hakuna hisia bila tathmini, ila tathmini si lazima iwe ya makusudi wala ya kujua. Ukiita tathmini hiyo "wazo", Bintikarani ameshinda. Ukikataa, ameshinda Mzee Kifimbo.

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Joseph LeDoux, mtafiti wa ubongo, alionyesha njia yenyewe: habari ya hatari inafika kwenye amigdala, sehemu ndogo ndani ya ubongo, kwa mkato kabla sehemu za juu za ubongo hazijamaliza kutazama. Unaruka, halafu ndipo unaona ni ung'ongo.

#26 Ngonjera

Nyongeza: LeDoux huyohuyo baadaye aliwakanya watu wasiite amigdala kiti cha woga. Kuruka ni kitu kimoja, kuhisi unaogopa ni kingine, na hicho cha pili kwake kinahitaji sehemu za ubongo za kujitambua. Kwa hiyo tumerudi palepale.

#27 Bundi wa Jioni

Swali langu halijajibiwa na yeyote. Kama wazo ni la kweli je? Mkubwa wangu kazini ananichukia. Si hisia, nimeona alichoandika kunihusu. Sasa nisahihishe nini? Naona fundisho hili linapendwa na wanaotuumiza, maana tatizo linahamia kichwani mwetu.

#28 Bintikarani

@Bundi wa Jioni pole, na hoja yako ni nzito. Tiba hii ya Beck ikifanywa vizuri haikuambii uwaze mema. Inakuambia upime. Ukipima ukakuta ni kweli, kazi inahama: unaacha kusahihisha wazo na kuanza kupanga hatua. Kilichobaki cha kupima ni kile kinachojishikiza kwenye ukweli. "Ananichukia" imethibitika. "Kwa hiyo sifai popote" haijathibitika. Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa mkali hapo, alitenganisha kuumia kwa jambo baya na kujiangamiza kwa sababu yake.

#29 Bundi wa Jioni

Nimekuelewa. Sijaridhika, ila nimekuelewa.

#30 Chozi la Mamba

Nimefuata zoezi la #3. Nilikaa nikarudisha ile sekunde. Sikukuta sentensi. Nilikuta picha: nimesimama mlangoni, ndani kuna watu wanaongea, nikiingia wananyamaza. Sijui ni kumbukumbu ya kweli au nimeitunga nilipokuwa naitafuta. Mzee Kifimbo atasema nimeitunga.

Ila la Nesi ndilo limenikaa. Ile "Sawa." ilifanya kazi. Rafiki yangu aliponyamaza siku iliyofuata nilisema, umeona, nilijua. Kumbe kimya cha pili nilikitengeneza mwenyewe. Cha kwanza simu yake ilikuwa imeisha chaji, na anao ushahidi wa mtu aliyekuwa naye.

#31 Mzee Kifimbo

Umeitunga.

#32 Kichwangumu

Simu imeisha chaji huku "anaandika" inaonekana? Mkuu hapo pima ushahidi tena.

#33 Chozi la Mamba

Aliandika ikazima, akawasha ikazima. @Kichwangumu usinianzishie.

#34 Sautiyapili

Angalieni, amemuanzisha tayari. Moyo wake sasa hivi uko mia na ishirini.

#35 Mgeni Njiani

Habari. Nimechelewa, nimesoma wote. Haya ya kupima ushahidi yanafaa saa nane usiku? Mimi mawazo huja saa hizo tu. Mchana nikiyatazama hata siyatambui.

#36 Mtumwa wa Usingizi

@Mgeni Njiani usiku mimi sipimi chochote. Naandika mstari mmoja kwenye daftari, nafunga, asubuhi nausoma. Nusu yake siwezi hata kuusoma mwandiko.

#37 Nesi wa Zamu

Ukikesha hivyo mara kwa mara nenda kamwone daktari. Na kama unaamka kitandani ukaangalia simu, weka simu chumba kingine kwanza, kisha uje utuambie. Mengine ya usingizi kuna uzi wake, tusiuchafue huu.